Rubani aliyeangukia shambani na binti aliyemficha: niliyoongea Iringa mjini

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye kikundi chetu cha kusoma hapa Iringa mjini, mwezi wa pili, wiki ile ya wapendanao. Waliokosa wamenisumbua sana kwenye simu, kwahiyo nimeiandika vilevile nilivyoongea na maswali ya mwisho nimeyaweka, yale ninayoyakumbuka. Mtanisamehe nikirukaruka, mwalimu mstaafu wa historia akipewa maiki ndo anakuwaga hivyo.

Kamwene wanyalukolo. Wazee wangu shikamooni. Vijana mambo vipi, najua mmekuja kwa ajili ya mapenzi, hakuna hapa aliyeacha shughuli zake Jumamosi kwasababu ya vita, hilo tusidanganyane.

Mwenyekiti aliniambia mwalimu tuongelee mapenzi wakati wa vita, na ukitamka hivyo tu kila mtu kichwani mwake filamu imeshaanza. Ndege inapigwa, inawaka moto, rubani anaruka na parachuti usiku, anaangukia kwenye shamba la mtu mguu umeteguka, asubuhi binti wa pale anaenda kukamua ng'ombe anamkuta amejikunja kwenye majani makavu. Anamficha darini. Lugha hawaelewani. Wanapendana. Vita inaisha. Sasa hapo watu wanagawanyika, kuna wanaotaka jamaa arudi amchukue mtoto wa watu na kuna wanaotaka afe ili walie vizuri.

Mimi leo nataka tumwangalie yule binti, manake kwenye hizi hadithi kamera inamfuata rubani muda wote, ndo ameanguka, ndo anatoroka, ndo anarudi kwao anavishwa medali, na binti yupo pale kama sehemu ya mandhari tu, anapika supu na kulia dirishani. Wakati ukikaa ukapiga hesabu ya nani alikuwa na cha kupoteza, jibu linakuja upande wa pili kabisa.

Tuanze na rubani basi ili tusimwonee. Vita vya Pili vya Dunia, ndege za mabomu za Uingereza zilikuwa zinakwenda kupiga Ujerumani usiku, zinapita juu ya Uholanzi, Ubelgiji, Ufaransa, nchi ambazo Mjerumani alishazikalia tangu 1940. Wamarekani walivyoingia wakawa wanakwenda mchana. Ndege moja ya Lancaster ina watu saba ndani, zile za Kimarekani za B-17 watu kumi, kwahiyo ninaposema rubani leo nawaweka humo wote, mpiga bunduki, mtu wa redio, msoma ramani. Kwenye kikosi cha mabomu cha Uingereza walihudumu angani watu kama 125,000 na waliokufa ni 55,573, yaani ukiingia pale karibu nusu yenu hamrudi. Na ni watoto jamani, miaka ishirini, ishirini na mbili. Aliyebahatika kuruka akatua mzima anajikuta kwenye nchi asiyoijua ana kikopo cha peremende na vidonge vya kusafishia maji, ramani iliyochapwa kwenye kitambaa cha hariri ili ikikunjwa isipige kelele, na dira ndogo imefichwa ndani ya kifungo cha nguo. Kulikuwa na ofisi nzima ya siri ya jeshi la Uingereza, inaitwa MI9, kazi yake kufikiria vitu kama hivyo. Mpaka buti, walitengeneza buti za kuruka nazo ambazo ukikata sehemu ya juu na kisu kinabaki kiatu cha kawaida cha raia, ili mtu akitembea barabarani asionekane miguuni kuwa ni askari.

Sasa sheria. Hapa naomba wale wa nyuma msikilize maana ndo shina la maneno yangu yote. Rubani akikamatwa, akaonyesha kile kipande chake cha shingoni chenye namba na jina, yeye ni mateka wa vita. Kuna Mkataba wa Geneva wa 1929 unamlinda, anapelekwa kambi ya mateka, anapata vifurushi vya Msalaba Mwekundu, anaandika barua kwao. Si raha, na haikuwa hivyo kila mara, mwaka 1944 marubani 168 walipelekwa Buchenwald ambayo ni kambi ya mateso kabisa kabla hawajahamishwa kambi ya mateka, kwahiyo sisemi walikuwa hotelini. Ila sheria ilikuwepo na mara nyingi ilifuatwa.

Na yule aliyemfungulia mlango? Septemba 1941 mkuu wa jeshi la Ujerumani aliyekuwa anatawala Ufaransa, anaitwa von Stülpnagel, alibandika matangazo ukutani. Mwanaume atakayemsaidia askari wa ndege ya adui, kumficha, kumpa njia, atapigwa risasi papo hapo. Mwanamke atapelekwa kambi ya mateso Ujerumani. Na atakayemkamata askari huyo wa ndege au kusaidia akamatwe atapewa mpaka faranga 10,000.

Kwahiyo pale darini kuna watu wawili wanaoangaliana kwa macho laini, sawa, mmoja akikamatwa anakwenda kukaa kambini kusubiri vita iishe, mwingine akikamatwa anakwenda kambi ya mateso, pengine kufa hukohuko, na pengine baba yake na mama yake nao. Halafu tunaita hiyo hadithi ya rubani!

Hebu mfikirie mgeni mzungu umemficha nyumbani kwako Kihesa, siku tatu tu. Watoto wa jirani wameingia kuomba chumvi. Mama mkwe kaja bila taarifa. Mgeni ana kikohozi. Mgeni anakula, na chakula ni cha mgao, una kadi za watu wanne na mnakula watano, muuza duka anakuangalia mbona siku hizi mkate hautoshi. Mgeni anahitaji choo. Mgeni ana mguu mkubwa na kiatu cha marehemu babu hakimwingii. Mapenzi yalizaliwa humohumo, kwenye kutoa ndoo ya usiku na kufua soksi zenye damu, na ndo maana mimi nayaheshimu kuliko yale ya filamu.

Na parachuti, wadada mtapenda hii. Ukitua unatakiwa uifukie haraka, isionekane. Lakini ile kitu ni hariri au nailoni, mita nyingi sana, na vitani nguo hakuna. Watu walikuwa wanaifukua usiku. Zikashonwa blauzi, nguo za ndani, na vita ilipoisha zikashonwa mpaka gauni za harusi. Kabla haijaisha kuivaa ilikuwa ni kujichongea, manake kila mtu anajua kile kitambaa kimetoka wapi.

Nije kwa mtu mwenyewe ninayempenda. Andrée de Jongh, Mbelgiji wa Brussels, walimwita Dédée. Mwaka 1941 ana miaka 24, mwembamba, ukimwona unasema huyu atabebaje ndoo ya maji. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, kwahiyo mnaelewa kwanini namwonea fahari. Agosti 1941 akatokea kwenye ubalozi mdogo wa Uingereza Bilbao, Hispania, akiwa na askari mmoja wa Kiingereza na Wabelgiji wawili waliotaka kwenda kupigana, amewatoa Ubelgiji, wamevuka Ufaransa yote kwa treni, wamepanda milima ya Pyrenees, pale mpakani mwa Ufaransa na Hispania, kwa miguu usiku. Waingereza walidhani ni mtego, mtoto wa kike atafanyaje hayo? Akawaambia nipeni hela ya gharama za safari nitawaletea wengine, na uongozi wa njia yangu mniachie mwenyewe. Wakakubali. Ile njia ikaja kuitwa Comète, nyota yenye mkia, kwa ile kasi yake.

Walisaidia watu karibu 800. Yeye mwenyewe kwa miguu yake aliwavusha mpakani zaidi ya watu 100, yeye na mzee mmoja Mbaski, watu wa milima ileile ya mpakani, anaitwa Florentino Goikoetxea ambaye kazi yake kabla ya vita ilikuwa magendo, nyie wa mipakani kule Tunduma na Kasumulu mtamwelewa haraka. Marubani walifundishwa tabia upya. Usiweke mikono mfukoni ukitembea. Usichezeshe chenji. Sigara usiishike Kiingereza. Mmarekani usitafune bigijii, na kwenye kula usihamishe uma kutoka mkono huu kwenda huu maana Ulaya hawali hivyo. Usiongee kabisa, wewe ni bubu, ukisemeshwa jifanye umelala. Na wanaowaongoza ni wasichana, kwasababu msichana na kijana wamekaa pamoja kwenye treni hakuna polisi anayeshangaa, wataonekana wapenzi. Kwahiyo kazi yenyewe ilikuwa ni kuigiza mapenzi. Umeegemea bega la mtu usiyejua jina lake, askari anakagua vitambulisho, moyo unakwenda mbio, sasa niambie wewe mwenye miaka 21 utajuaje kama ni hofu au ni kitu kingine.

Jina lake hulijui kwasababu hamtakiwi kujuana. Kila mtu ana jina la bandia. Ukikamatwa ukapigwa huwezi kutaja usichokijua. Mapenzi ndo yanaharibu hapo, manake mpenzi anauliza. Unaitwa nani hasa, kwenu wapi, vita ikiisha nitakupataje. Kila swali la mapenzi ni swali ambalo Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, nao walikuwa wanauliza. Yule dada aliyekataa kujibu, mwenzie akadhani hapendwi, alikuwa anawalinda wazazi wake.

Na hii siyo nadharia. Januari 1943, Dédée amefika na marubani watatu kwenye nyumba ya shamba pale Urrugne, upande wa Ufaransa, chini ya milima. Mvua imenyesha sana, mto wa mpakani umefurika, hawawezi kuvuka, wanalala pale. Mwenye nyumba ni mama mjane, Frantxia Usandizaga, ana watoto watatu. Kuna mtu akawachongea kwa Wajerumani. Wakakamatwa wote nyumba moja siku moja. Marubani waliteswa kwanza, halafu wakaenda kuwa mateka wa vita. Frantxia alipelekwa Ravensbrück, kambi ya wanawake, akafia huko Aprili 1945, vita imebaki wiki chache. Dédée alihojiwa mara nyingi, mwishowe akakubali kwamba kiongozi wa njia yote ni yeye, Wajerumani wakamcheka hawakuamini, na dharau hiyo ndo ilimwokoa asipigwe risasi. Naye akapelekwa Ravensbrück, ila akatoka hai. Baba yake, mwalimu mkuu, walimpiga risasi Paris Machi 1944. Waliosaidia Comète waliokufa, kwa kupigwa risasi au kwenye makambi, ni zaidi ya 150.

Mlango mmoja, usiku mmoja. Waliopita wakaishi, aliyeufungua akafa. Kila nikisikia kisa cha rubani na binti huwa namkumbuka yule mama wa Urrugne ambaye hakupendana na mtu, alikuwa na jiko lenye moto tu.

Sasa vita imeisha, mmeshinda, mnadhani mapenzi yanapewa nafasi? Kwanza kuna suala la umempenda nani. Ukimpenda askari wa upande ulioshinda wewe ni shujaa. Ukimpenda aliyeshindwa, Ufaransa 1944 wanawake kama 20,000 walinyolewa vipara hadharani kwa kutuhumiwa kuwa na Wajerumani, wengine wanatembezwa mtaani na watoto mkononi, na wanaonyoa wengi wao ni wanaume ambao miaka minne walikuwa kimya. Ujerumani yenyewe wakati wa vita kijana wa Kipoland aliyepelekwa kufanya kazi za lazima mashambani, amevalishwa herufi P kifuani, akilala na Mjerumani alikuwa ananyongwa kisheria, kanuni za 1940 zilisema hivyo waziwazi. Mimi hapo huwa nashindwa kuendelea.

Halafu makaratasi. Askari wa Kimarekani alikuwa haoi bila ruhusa ya kamanda wake. Akiwa mweusi na binti wa Kiingereza ni mweupe, ruhusa haitoki, na majimbo mengi kule kwao ndoa hiyo ilikuwa kosa la jinai. Wakabaki watoto Uingereza, wanakadiriwa kama 2,000, karibu nusu yao waliachwa kwenye vituo vya kulelea. Desemba 1945 Marekani ikatunga sheria ya kuruhusu wake za askari kuingia nchini, meli zikajaa mabibi harusi, lakini hiyo ni kwa ambao kamanda alisema ndiyo. Na Uingereza, hii wengi hawaijui, mwanamke wa Kiingereza akiolewa na mgeni na akahesabiwa raia wa nchi ya mume alikuwa anapoteza uraia wake, ilikuwa hivyo mpaka sheria ya 1948. Yaani dada wa Blackpool anampenda rubani wa Kipoland aliyekuja kuilinda nchi yake, wanafunga ndoa kanisani kwao, anatoka nje ya kanisa akiwa mgeni kwenye mtaa aliozaliwa.

Nimetaja Poland kwa makusudi maana hapo ndo tunarudi nyumbani. Mnaopita barabara ya Mbeya, mkishatoka Iringa kabla hamjafika Mafinga mnapita Ifunda. Ile shule ya ufundi ya Ifunda, ilivyoanza 1951, ilianzia kwenye majengo ya kambi ya wakimbizi wa Kipoland. Kidugala kule Njombe, kwa Walutheri, nako walikuwepo. Kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru Arusha, watu kama 5,000. Na makaburi yao yapo mpaka leo, Ifunda na Kidugala pia.

Walifikaje Uheheni na Ubena watu wa theluji? Stalin aliwatoa makwao mashariki ya Poland kuanzia Februari 1940, kwa treni za mizigo, Siberia na Kazakhstan. Hitler alipomgeukia Stalin 1941 wakaachiwa, wakashuka kusini wanakufa njiani kwa njaa na homa, 1942 wakavuka kuingia Uajemi, Iran ya leo. Pale wakachambuliwa. Wanaume wenye umri wa kupigana, jeshini, na baadhi yao wakapelekwa Uingereza kwenye jeshi la anga la Wapoland ambalo lilikuwa na sifa kubwa tangu 1940, kikosi chao cha 303 kiliwasumbua Wajerumani vibaya sana juu ya London. Wanawake, watoto na wazee wakapakiwa meli, wengine India, wengine kwetu Afrika Mashariki.

Kwahiyo 1943, 1944, Ifunda ilikuwa kijiji cha wake wanaosubiri. We fikiria mama yuko kwenye kibanda cha udongo na nyasi, baridi ya Juni ile mnaijua, ana watoto wawili, mmoja alishamzika Uzbekistan, na mume wake au kaka yake yuko angani juu ya Ulaya na yeye hajui ni usiku gani. Agosti 1944 Warsaw ilipoinuka kupigana, ndege zilitoka Italia kusini kwenda kudondosha silaha na dawa, za Wapoland wenyewe, za Waingereza, na za Afrika Kusini, vikosi vya 31 na 34. Nyingi ziliangushwa. Waliotua hai wakafichwa na wakulima wa Kipoland. Yaani inawezekana kabisa mwanamke mmoja Poland anamficha rubani darini, na mke wa rubani mwingine yuko hapa Ifunda anapalilia maharage anaomba Mungu mumewe akianguka aangukie kwa mtu wa namna hiyo. Hadithi ya rubani na binti ukiisikiliza ukiwa Ifunda inakuwa na mtu wa tatu ambaye huwa hatajwi.

Na mwisho wake wala haukuwa wa kurudi nyumbani. Februari 1945 kwenye mkutano wa Yalta, wakubwa watatu, Marekani, Uingereza na Stalin, wakakubaliana mashariki ya Poland inabaki kwa Stalin. Wale mama wa Ifunda makwao hakuna tena. Wenye waume Uingereza wakafuata huko miaka ya 1947 na 1948, wengine Kanada, Australia. Familia nyingine zilikuwa hazijaonana miaka minane.

Mtaniuliza mbona naongea wazungu tu. Haya, tuje kwa Keya, yaani KAR, lile jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza. Vijana wetu wa huku walikwenda na Keya Ethiopia, Madagaska 1942, halafu Burma 1944 kwenye bonde la Kabaw, mvua, ruba na malaria. Bibi yangu mdogo, upande wa Kalenga, alikuwa na mchumba Burma. Mahari ilikuwa imetolewa nusu. Kijana alikuwa anakatwa kwenye mshahara hela ya kutuma nyumbani, na inakuja kweli, ila inakwenda kwa baba yake kwasababu bibi mdogo hakuwa mke bado, kwenye karatasi za serikali hayupo. Wachumba wengine wakaja, baba yake akaanza kusema tuwarudishie wale ng'ombe wao. Akakataa. Walimsema sana, wengine walisema karogwa. Kijana akarudi 1946, akamalizia mahari, wakaoana, na nakumbuka yule babu alikuwa hasimulii Burma hata umnunulie ulanzi kibuyu kizima, anasimulia mvua tu, alafu bibi anaingilia anasema mimi ndo niulizeni vita, mimi niliipigania hapahapa uani kwa baba.

Wenyewe walikuwa wanacheka wakisema hivyo.

Nilipomaliza wakaanza maswali. Kijana mmoja wa chuo akauliza, mwalimu umetunyima, wapo waliooana kweli au ni kilio tu? Nikamwambia wapo, wengi. Nikampa wa Italia, huyu hakuwa wa ndege alikuwa wa makomando, Mwingereza anaitwa Eric Newby. Septemba 1943 Italia ilivyosalimu amri mateka wakafunguliwa milango ya kambi, yeye kifundo cha mguu kimevunjika, akafichwa hospitali, na binti Mslovenia anayeishi pale, Wanda, akawa anakuja kumfundisha Kiitaliano na yeye anamfundisha Kiingereza. Baba yake Wanda mwalimu, tena mwalimu! Wakamtorosha milimani, wakulima wakamficha miezi, akakamatwa tena, akakaa mateka mpaka vita inaisha, akarudi kumtafuta na 1946 wakafunga ndoa Florence. Wakaishi pamoja mpaka uzeeni. Kijana akapiga makofi mwenyewe.

Mzee mmoja akauliza kama na huku kwetu kuna rubani aliwahi kuanguka. Yupo, Vita vya Kwanza, Rufiji, Januari 1917. Mwingereza anaitwa Edwin Moon na mwenzie Bridgeman, injini ilizima kwenye delta, wakaichoma ndege, wakatangatanga kwenye mikoko siku kadhaa bila chakula, wakakuta nyumba wakang'oa madirisha wakafanya chelezo. Maji yakawachukua mpaka baharini, Bridgeman akafa, Moon akakamatwa na Wajerumani. Hakuna binti kwenye hiyo, mzee wangu, kuna mbu na mamba. Ukumbi ukacheka.

Dada mmoja muuguzi akauliza Dédée aliishia wapi. Hili nilifurahi kuulizwa. Alikuja Afrika. Alikuwa amesomea uuguzi, akaenda kuhudumia wagonjwa wa ukoma Kongo, baadaye Kamerun, Addis Ababa, Senegal. Alikuja kurudi Ubelgiji uzeeni, akafariki 2007 ana miaka 90.

Wa mwisho alikuwa mama mmoja kutoka Kilolo, alikaa kimya muda wote. Akauliza, hao marubani waliorudi kwao salama, waliwakumbuka waliowaficha? Nikamwambia ndiyo, na hili niliseme kwa haki, 1946 waliunda chama chao Uingereza cha wanajeshi wa anga waliotoroka, kilikuwa kinachangisha hela kwa ajili ya wajane na yatima wa waliowasaidia, kikadumu mpaka 1995. Akasema sawa. Halafu akauliza, na Keya?

Nikamwambia mama yangu, Keya walipewa kiinua mgongo cha vita kwa cheo, kwa miezi waliyotumikia, na kwa rangi. Mwafrika alihesabiwa karibu theluthi ya alichohesabiwa mzungu wa cheo hichohicho. Akauliza na waliokuwa wanawasubiri nyumbani walihesabiwa ngapi. Mwenyekiti akasema chai imeiva, yule mama akasema chai itasubiri, mwalimu ajibu kwanza, nikamjibu hawakuhesabiwa.